Lumbesa

Miaka kumi na saba nimesimama hapa, soko la Kibaigwa,
mkono mmoja kwenye mizani, mmoja kwenye daftari.
Gunia la Kiteto, gunia la Kongwa, gunia la mtu mjanja
lenye kilemba cha nyasi na kamba iliyokazwa kwa goti:
lumbesa.
"Dada Mbeleje, andika mia."
Naandika mia thelathini na sita. Wananinunia mpaka jioni.

Usiku ninajaza gunia jingine.
Nina miaka thelathini na tisa, na kichwa hiki
kimelala tupu tangu kidato cha nne;
panya wamepita, wametoka na aljebra yote.
Nashindilia: valensi, osmosisi,
kifundo, kiganja, vidole, mifupa ishirini na saba,
naihesabu kwenye mkono huu huu unaonuka pumba.
Kinavimba. Kamba inalia.
Sheria ya lumbesa naijua, na faini yake;
safari hii mkosaji ni mimi.

Tuisheni ni Jumamosi, nyuma ya mashine ya alizeti.
Siku ya kwanza nilipoingia, watoto wote wakasimama:
"Shikamoo, mwalimu!"
Nikatafuta benchi.
Wakakaa mmoja mmoja,
kama waliompungia mkono mtu siye.

Nyumbani Ndahani, wa kidato cha pili,
ananisahihishia kwa kalamu nyekundu.
"Mama, umesahau hasi."
Mwanangu, hasi sijawahi kuisahau
ila kwenye karatasi.

Shemeji Malogo amepiga hesabu yake kwa magunia:
ada, chumba, koti jeupe, miaka mitano na ule wa mazoezi.
"Hapo ni semitrela nzima, shemeji.
Na ukimaliza utamwona mgonjwa kwa miwani ipi?"
Nikamkaribisha ugali.

Sikumwambia habari ya mizani.
Ilikuwa Februari, ghala tupu, mahindi bado mabichi shambani.
Mama mmoja wa Pandambili akaja, hana gunia.
Akamfungua mtoto mgongoni,
akamlaza kwenye bamba la chuma,
akanitazama mimi, mwenye daftari.
"Nipimie."
Mshale haukusogea.
Mizani ile huanzia kilo kumi; chini ya hapo huhesabu vumbi.
Nikasimama na kalamu.
Ukurasa ule mpaka leo una tarehe tu.

Wala habari ya ini.
Sura ya tisa, taa ya sola inafifia,
upepo unapiga mchanga kwenye bati,
nikasoma jinsi ini linavyopokea kila kilicholiwa
na kukichambua kimya kimya, kama karani.
Nikayakumbuka mahindi ya mwaka ule mvua ilipokataa kukoma,
kijani kwenye kitovu cha punje,
harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.
Nilipima. Niliandika kilo.
Daftari halikuwa na safu ya ukungu.
Nikafunga kitabu. Nikakifungua.

"Moli ni nini?" kijana Chilongani aliuliza mara ya tatu,
na mwalimu akaongeza sufuri ubaoni.
Nikasema kutoka nyuma: ni kama korija. Jina la idadi.
Korija ya vikombe, korija ya majembe,
idadi ile ile, mgongo ndio unajua tofauti.
Darasa likanyamaza.
Mtu akaandika.
Nikajifanya natafuta kifutio.

Mtihani ni Mei. Namba yangu inaanza na P,
mtahiniwa asiye na shule.
Nikifeli, najisajili tena. Nikifaulu, sijui;
Dodoma si mbali kwa basi,
na chuo kiko juu ya vilima, mtu hukiona kabla hajafika.

Leo alfajiri lori limeingia, vijana wameanza kushusha.
Nikachoma bambo gunia la tatu,
nikamwaga punje kiganjani,
juu ya mifupa yangu ishirini na saba,
nikanusa.
"Rudisheni."
"Dada, hata hujapima!"
"Hili halipandi."